Furaha ya Mama Katekista

Jina lake la ubatizo nililijua, lakini sikuwahi kulitumia, wala sikumsikia mtu mwingine pale kijijini akilitumia. Kwetu alikuwa Mama Katekista. Jina hilo alilipata kwa mumewe, aliyekuwa katekista wa kigango, mtu wa kufundisha watoto mafundisho ya komunyo na kuongoza ibada Jumapili ambazo Padri hakuweza kufika. Mume alipoondoka, jina lilibaki kwa mke. Wapo waliodhani ataona haya kuitwa hivyo. Yeye aliitika kama kawaida.

Nilimfahamu nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi ya kijiji kile, juu kwenye uwanda wa Ufipa, upande wa barabara iendayo Nkasi. Mimi nimekulia chini bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, katika familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na nilichokijua maishani ni joto. Kule juu, ikifika Juni, upepo unapenya nguo kana kwamba hukuvaa kitu. Nilikodi chumba uani kwake. Jioni ya kwanza aliniona nimejikunyata mlangoni na kanga mbili mabegani, akaingia ndani, akatoka na koti zito la kiume.

"Vaa, Mwalimu. Ni la mume wangu. Yeye yuko ziwani, huko hakuna baridi."

Nikamshukuru, nikadhani mumewe ni mvuvi. Ilinichukua muda kuambiwa ukweli, nao niliambiwa na mama jirani aliyekuwa akiniuzia maharage. Katekista alikwenda Kabwe, kwenye Ziwa Tanganyika, kununua samaki wa kuja kuuza. Akaenda tena, na tena, kila safari akikawia zaidi, mpaka safari moja hakurudi. Alikuwa amepata mwanamke mwingine huko, na nyumba alikuwa ameshajenga.

"Jumapili iliyofuata," yule jirani akaniambia, "tulijaa kanisani kuliko Pasaka. Si kwa ajili ya sala, Mwalimu. Tulikwenda kumwangalia usoni."

Walimkuta ameshafagia na kufungua madirisha. Saa ya kuanza ilipofika na hakuna wa kuongoza, alisimama yeye. Hakusimama pale alipozoea kusimama mumewe. Alisimama chini, mbele ya benchi la kwanza, akasema, "Katekista ameondoka, mmesikia. Mungu hajaondoka. Tuanze kwa ishara ya msalaba." Wakaanza. Wimbo wa matoleo ulipofika, alijitwisha ungo wake wa mahindi akacheza nao mpaka mbele, kama alivyofanya kila msimu wa mavuno. Wengine walisema akili zimeanza kumruka. Wengine walisema ndiyo maana mume alimkimbia, mwanamke asiyejua hata kulia.

Jirani alichambua maharage yake, kisha akaongeza, "Ila alilia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anacheza na machozi yanamshuka mpaka shingoni. Alifanya vyote viwili."

Watu walimwita mtu wa furaha, na ningependa kueleza furaha hiyo ilikuwa ya namna gani, maana haikuwa ya kuchekacheka. Asubuhi alikuwa mkali. Ulikuwa huthubutu kumsemesha jambo lolote kabla hajatoka kanisani, ambako alikwenda peke yake kila kukicha, kwa sababu funguo zilikuwa kwake. Siku moja nilipita nje ya kanisa nikielekea shuleni, nikamsikia anazungumza ndani. Nilidhani yuko na mtu. Alikuwa anamweleza Mungu habari za panya walioingia ghalani, mbuzi wa jirani waliokula mboga zake, goti lake la kushoto, na mumewe, kwa mpangilio huohuo na kwa sauti ileile, kama mtu anayetoa taarifa kwenye mkutano wa kijiji. Halafu akanyamaza kwa muda mrefu sana. Alipotoka alikuwa mwepesi, uso umefunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nilikuwa namalizia kesi."

"Umeshinda?"

"Nimeshindwa. Lakini nimesikilizwa."

Alikuwa na kasoro zake, na yeye mwenyewe asingependa nizifiche. Alikuwa na wivu na lile kanisa kuliko mtu alivyo na wivu na jiko lake. Wanakwaya walipojitolea kufagia, alifagia upya baada yao, nao wakiwa bado wanamwangalia. Parokia ilipomleta katekista mpya, kijana mpole aliyetoka masomoni, Padri alilazimika kumkumbusha mama zaidi ya mara moja akabidhi funguo. Hatimaye alimkabidhi zote, isipokuwa ule wa mlango wa nyuma. Alipenda mpira wa redioni. Mwamuzi akiionea timu yake, alimtukana kwa Kifipa, kisha akajipiga ishara ya msalaba, kisha akamtukana tena. Kwenye rozari ya jumuiya alisinzia, na akiamshwa alidai alikuwa anatafakari.

Tena hakuvumilia kabisa wale wanaofika kwenye msiba na maneno matamu. Mtoto wa darasa langu alipofariki kwa homa, mzee mmoja wa jumuiya alimsogelea mama wa marehemu akamwambia kwa sauti ya upole kwamba asilie, kwani hayo ni mapenzi ya Mungu. Mama Katekista alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Akatoka na ndoo tupu, akaiweka miguuni pa yule mzee.

"Baba, mapenzi ya Mungu ninayoyajua mimi ni kwamba waombolezaji wana kiu na kisima kiko bondeni."

Mzee alikwenda kuchota maji. Naye Mama Katekista akaketi mkekani kando ya mama yule, akamshika mguu, akakaa hivyo mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba.

Hivyo hivyo ndivyo alivyokaa na mimi. Nilikuwa nimeolewa, mume wangu alifanya kazi Sumbawanga mjini na kuja kwa pikipiki mwisho wa juma. Mimba yangu ya kwanza iliharibika, nikasema hutokea. Ya pili iliharibika ikiwa imekua, nikiwa nimeshaanza kuongea nayo. Nilijifungia chumbani. Mama Katekista aligonga, akaingia bila kukaribishwa, akaweka bakuli la uji wa ulezi kwenye stuli, akakaa sakafuni na kazi yake ya kupukuchua mahindi. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Mahindi yalidondoka kwenye beseni, tap, tap, nami nikawa nasikiliza hayo kuliko mawazo yangu.

Mimi wakati huo sikuwa na dini ya kueleweka. Wazazi wangu waliheshimu mizimu ya ukoo na mvua, basi. Hakuwahi kunivuta kanisani. Lakini siku moja, mikono ikiwa ndani ya beseni, alisema ghafla, na haikuwa kwangu: "Wewe Mungu, tuko hapa wawili na tumekukasirikia. Tungekuwa na pengine pa kwenda tungekwenda. Hatuna. Kwa hiyo tutakaa hapahapa kwako, na hasira yetu." Akaendelea kupukuchua.

Nilitoka nje siku ile. Sijui kama niliamini chochote, ila nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumkimbilia yuleyule anayemlalamikia. Nilibatizwa baadaye sana, kwa njia yangu mwenyewe, lakini nikihesabu ilipoanzia naanzia kwenye lile beseni.

Kisha ukaja mwaka wa mvua ya mawe. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, ulezi umeanza kuinamisha vichwa, na watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba mwaka huu Mungu ametukumbuka. Mchana mmoja wingu lilitoka upande wa ziwani likiwa na rangi ya kijani kama ya ngozi iliyovilia damu. Tulisikia mabati ya shule yakipigwa hata nikaona midomo ya wanafunzi inapiga kelele bila sauti kutoka. Ilipokwisha, ardhi ilikuwa nyeupe, na mashamba yalikuwa yamechanwachanwa kana kwamba yamepitiwa na visu. Wanaume wazima walisimama kwenye mipaka ya mashamba yao, mikono kichwani. Kwa siku kadhaa kijiji hakikuwa na sauti.

Jumapili Padri alikuja. Wakati wa matoleo hakuna aliyesimama, maana hakuna aliyekuwa na cha kutoa. Kwaya iliimba mistari miwili ikafifia. Ndipo Mama Katekista akainuka kutoka benchi la nyuma, ungo kichwani. Ndani ya ungo kulikuwa na majani ya mahindi yaliyopasuka na mabua yaliyovunjika, yaliyoanza kunuka uozo. Alicheza. Hakuwa mchezaji mzuri, niseme kweli; goti lile lilimfanya ayumbe upande mmoja. Alipofika katikati ya kanisa alikuwa peke yake na vishindo vya nyayo zake. Akasimama, akatugeukia.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Si ndicho tulichobakiziwa? Basi tumpelekee hichohicho."

Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kilichokatikia katikati kikawa kilio. Mwingine akamfuata. Kisha kanisa zima likasimama likawa linaimba na kulia, na Padri, mtu mzima mwenye mvi, alipokea ule ungo wa majani yaliyooza kwa mikono miwili, akauweka mbele ya altare. Kutoka siku ile watu walianza kuongea tena. Walichimbua viazi vilivyosalia, wakagawana mbegu za maharage, wakapanda. Mwaka ule ulikuwa mgumu, na tuliuvuka.

Nilimuuliza baadaye alipata wapi ujasiri ule. Alinishangaa. "Ujasiri gani? Nilishindwa kukaa. Nikikaa na huzuni inanila. Nikimpelekea Yeye, tunaila wote wawili."

Sasa nifike kwa mumewe, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona akikaribia kuvunjika.

Lori la samaki lilisimama barabarani siku moja kabla ya mchana, dereva na utingo wake wakamshusha mtu aliyeviringishwa blanketi. Alikuwa yeye, katekista wa zamani. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kulia. Mdomo umepinda, na maneno yalikuwa hayatoki ila sauti kama ya mtu anayesukutua maji.

"Mama, tumeambiwa tumfikishe hapa," dereva alisema akitazama chini. "Kule Kabwe wamemchoka."

Mama Katekista alikuwa ametoka shambani, jembe begani. Alimtazama yule mtu, akashusha jembe. "Mwekeni mle," alisema hatimaye, akionyesha chumba cha kuwekea mahindi. Si ndani ya nyumba.

Kesho yake binti yao alifika kutoka Namanyere, amepanda pikipiki, vumbi limemjaa nyusi. Hakumsalimia baba yake.

"Mama, mrudishe kwa huyo mwanamke wake."

"Nimrudishe na nini? Na ungo?"

"Basi ndugu zake wamchukue!"

"Ndugu zake walikuja jana jioni. Wamenipa pole."

"Mama, huyu mtu alikuaibisha mbele ya dunia nzima. Ukimpokea watasema huna moyo."

"Na nisipompokea watasema sina moyo. Mwanangu, nimekaa kwenye midomo ya watu muda mrefu, nimezoea. Shida yangu si wao."

Binti alilia kwa hasira, akaondoka jioni ileile. Mama Katekista alikuwa akipeleka chakula kwenye kile chumba, anakiweka chini pale mgonjwa anapoweza kukifikia kwa mkono wa kushoto, anatoka. Hakumgusa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango. Harufu ilianza kufika uani, nami nikajitolea kumsaidia kumwosha, akanikatalia kwa ukali.

Asubuhi moja nilisikia kelele kutoka kanisani. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Safari hii haikuwa taarifa ya mkutano wa kijiji. Alikuwa anapiga kelele, sauti inapasuka, na kitu kama benchi kilianguka. Niligandamana na ukuta nje, nikiogopa kuingia na nikiogopa kuondoka. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na kitambaa cha kichwa kimefunguka.

"Nimemwambia simpendi yule mtu," alisema. "Nimemwambia kwa sauti, asije akasema hakusikia."

"Akajibu nini?"

"Mungu hasemi na mimi kama redio, Mwalimu." Akaketi kwenye ngazi, akaanza kufunga kitambaa chake upya. "Ila nilipochoka kupiga kelele, nikaona kumbe hakuna aliyeniambia nimpende. Nilichoambiwa ni kwamba ananuka, na maji yapo."

Akanyanyuka, akaenda kubandika maji.

Mimi ndiye niliyemshikia yule mzee mgongo. Alifumba macho kwa aibu wakati wote. Mama Katekista alimsugua kama anavyosugua sufuria, bila upole na bila ukatili, na kwa mazoea yake ya kazi alikuwa akiimba chini kwa chini, wimbo mmoja wa Bikira Maria. Alipofika kiitikio, sauti ya pili iliingia. Sauti ya kiume, nzito, na maneno yote yamenyooka. Yule mtu ambaye hakuweza kusema hata "maji" alikuwa anaimba.

Kata ya kuchotea maji ilimtoka Mama Katekista mkononi. Tulitazamana. Mzee aliendelea kuimba huku machozi yanampita kwenye mdomo uliopinda.

"Tazama!" Mama Katekista alipaza sauti. "Salamu hawezi! Jina langu hawezi! Lakini beti zote anazo! Mwizi mkubwa huyu!" Akacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye tope la maji ya kuogea, na mimi nikacheka, na mzee, kwa upande wake ulio hai, akacheka pia. Baadaye daktari aliniambia hutokea, kwamba kuimba kuna njia yake kichwani. Sawa. Mimi niliyekuwepo naona hilo halipunguzi kitu.

Alimhamishia ndani. Tangu hapo jioni zao zilikuwa za nyimbo. Usidhani ilikuwa hadithi ya mapenzi yaliyofufuka. Nilimuuliza kama amemsamehe, akanijibu, "Namwimbisha. Mengine yanakuja polepole." Siku alizokumbuka ya Kabwe aliukata wimbo katikati akatoka nje, naye mzee akaendelea peke yake, macho mlangoni, mpaka arudi. Mara nyingi alirudi. Mzee alipofariki, wakati wa kiangazi, binti kutoka Namanyere alikuwepo, na alikuwa ameshaimba naye. Msibani mmoja wa viongozi alisimama kumsifu Mama Katekista kwamba ni malaika. Alimkatiza. "Kaa chini, baba. Kuna siku nilimpa uji wa baridi makusudi, kwa hasira. Mungu alinivumilia mimi kama alivyomvumilia yeye."

Mimi nilihamishiwa shule ya mjini, na sasa tunaishi eneo la Mazwi, mimi, mume wangu, na binti tuliyejaliwa hatimaye. Mama Katekista aliwahi kunitembelea mara chache, kila mara akilalamikia kelele za bodaboda. Mwaka jana alinipigia simu. "Mwalimu, tumboni mwangu kuna kitu kigumu." Nikamwambia aje siku hiyohiyo.

Sitaki mtu asome akidhani natangaza kifo. Uvimbe ulitolewa, nao haukuwa ule tuliouhofia. Leo yuko kijijini, amepanda ulezi, na nimesikia amegombana na kwaya. Ninachotaka kusimulia ni asubuhi ya operesheni, kabla hatujajua lolote.

Nilimkuta kitandani wodini, kanga imevutwa mpaka kidevuni. Nilikuwa nimejiandaa kufarijiwa naye, kwa kweli, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote kati yetu.

"Naogopa, mwanangu," alisema. Hakuniita Mwalimu. "Tangu alfajiri nataka kusema naye, naona maneno hayaji. Nasema Mungu, halafu naona kisu. Nisemee wewe."

Sijawahi kuwa mtu wa sala za sauti. Nilitazama huku na huku, wodi ilikuwa imejaa, wanawake vitandani na ndugu zao wakituangalia. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

"Mungu," nikasema. "Huyu unamjua kuliko mimi. Leo anaogopa. Hata mimi naogopa. Alikuja kwako siku zote kwa miguu yake, leo hawezi, basi njoo wewe hapa alipo. Usimwache aingie mle ndani peke yake."

Nikatafuta maneno ya kumalizia. Vidole vyake vikaniminya.

"Mwambie na njaa," alinong'ona, macho kayafumba. "Tangu jana wamenikataza kula."

"Na ana njaa," nikamwambia Mungu.

Kitanda cha pili mtu akacheka, kisha wa kitanda cha tatu, na Mama Katekista mwenyewe akaanza, kidogokidogo, mpaka kitanda kikawa kinalia chini yake. Mlango ulifunguliwa, muuguzi akaingia akisukuma machela, akasimama kutuangalia, wodi nzima ya wagonjwa inacheka.

"Jamani, kuna nini humu?"

Mama Katekista alijipangusa uso kwa ncha ya kanga, akamnyooshea mikono ili amsaidie kupanda.

"Tunasali," akamjibu.